Mtoto Katikati ya Umati: Uhakiki wa Namna Tunavyowafundisha Watoto Habari ya Marko 9:14–29

Utangulizi

Makala hii inahakiki fundisho moja ambalo karibu kila mchungaji, mwinjilisti na mwalimu wa Shule ya Jumapili amekwisha kulitoa, nami nimelitoa mara nyingi. Ni fundisho juu ya kijana aliyeletwa kwa Yesu na baba yake chini ya mlima. Habari hiyo imeandikwa katika Marko 9:14–29, na sambamba zake ni Mathayo 17:14–21 na Luka 9:37–43. Kwa kuwa uhakiki wa haki huanza nyumbani, nitaanza na fundisho langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifundisha kipindi cha dini katika darasa la tano la shule ya msingi moja. Siku hiyo niliisimulia habari hii kwa bidii. Nilionyesha jinsi kijana alivyoanguka, alivyosaga meno, alivyotokwa na povu. Watoto walicheka, kisha wakaogopa, kisha wakanyamaza. Nilipomaliza nikauliza kama kuna swali. Mvulana mmoja akasimama, akataja jina la msichana aliyeketi dawati la pili, akasema: "Mchungaji, kwa hiyo na huyu ana pepo?" Darasa zima likageuka kumtazama. Sikuwa na habari kwamba msichana yule huanguka. Nilijibu maneno mengi yasiyo na msaada, kengele ikalia, nikatoka.

Majuma matatu baadaye nafasi yake ilikuwa tupu. Nilikwenda kwao. Mama yake aliniambia, bila hasira, kwamba watoto walikuwa wakimwita Pepo Bubu, kwamba hawakukubali kunywa kwa kikombe alichokitumia, na kwamba mwenyewe amekataa kurudi shuleni. Jina lile watoto hawakuliokota barabarani. Walilipata kwangu, na mimi nililichukua katika Injili.

Je, kosa ni la Injili? Hoja ya makala hii ni kwamba sivyo. Marko mwenyewe hamshitaki mtoto, wala hamshitaki mzazi wake. Wanaohukumiwa katika habari yake ni wanafunzi walioshindwa na umati uliosimama kutazama. Sisi tumebadilisha nafasi za watu katika kisa hiki, tukamweka mtoto kizimbani. Na mahali ambapo kosa hili huzaa matunda machungu kuliko pote ni shuleni, kwa sababu mtoto hutumia neno la mchungaji kama alivyopewa, bila kulipunguza.

1. Neno "kifafa" katika Biblia yetu

Tuanze na neno lenyewe. Marko anasema juu ya pepo aliye bubu, wala halitaji jina la ugonjwa. Mathayo, katika 17:15, anatumia kitenzi cha Kigiriki *seleniazomai*, kinachotokana na *selene*, yaani mwezi. Watu wa kale walidhani kwamba kuanguka huku hufuata majira ya mwezi. Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 waliweka hapo neno kifafa, na wakalitumia pia katika Mathayo 4:24. Uamuzi wao una sababu nzuri. Dalili zinazotajwa, yaani kuanguka ghafula, kukakamaa, povu, kusaga meno, na kulala kama mfu baada ya hayo, ndizo ambazo kila mganga wa zahanati angezitambua.

Hata hivyo, uamuzi huo mzuri umeleta tatizo ambalo msikilizaji wa Kigiriki hakuwa nalo kwa namna ileile. Msomaji wa Kiswahili hukutana na jina la ugonjwa lililoandikwa katika kadi ya kliniki ya mwanawe, kisha mistari mitatu tu baadaye, katika 17:18, hukutana na pepo anayetoka. Bila msaada wa mwalimu ataviunganisha viwili hivyo kuwa kitu kimoja, na kuvigeuza kuwa kanuni: kila mwenye kifafa ana pepo. Watafsiri hawastahili lawama. Lakini mahali ambapo tafsiri haiwezi kujieleza yenyewe, ndipo kazi ya mhubiri inapoanza.

Na Mathayo mwenyewe ametuachia msaada huo. Katika 4:24 anaorodhesha wagonjwa walioletwa kwa Yesu kutoka Shamu yote, na katika orodha hiyo wenye pepo ni kundi moja, wenye kifafa ni kundi jingine, na wenye kupooza ni la tatu. Mwinjilisti aliyeweza kuwatenga watu hao katika sentensi moja hawezi kufanywa shahidi wa kanuni inayowachanganya. Tukumbuke pia kwamba zaidi ya miaka 300 kabla ya Injili kuandikwa, waganga wa shule ya Hippocrates walikuwa wameandika kitabu kizima wakipinga fikra kwamba ugonjwa huu una asili ya kimungu kuliko magonjwa mengine. Walisema chanzo chake kimo katika ubongo. Kwa hiyo mjadala huu si wa juzi, wala haukuletwa Afrika na hospitali za wamisionari.

2. Marko anasimulia nini?

Baada ya neno, tuitazame habari. Mpangilio wa Marko unastahili kuangaliwa kwa makini. Yesu anashuka kutoka mlima wa utukufu, ambako Petro alitaka kujenga vibanda, na kitu cha kwanza anachokikuta chini ni mabishano. Waandishi wanabishana na wanafunzi, na umati umewazunguka. Katikati ya kelele hizo yuko mtoto mgonjwa, wala hakuna anayesema naye. Mchoraji Raphael wa Italia, katika picha yake ya mwisho aliyoifanyia kazi hadi kifo chake mwaka 1520, aliiona siri ya mpangilio huu. Sehemu ya juu ya picha inamwonyesha Kristo katika nuru. Sehemu ya chini ni giza na fujo, na mtoto aliyekakamaa ameshikwa na baba yake. Mwanamke aliyepiga magoti anamwonyesha mtoto kwa mikono, na mmoja wa wanafunzi anainua mkono kuelekea juu mlimani. Mikono mingi inaonyesha, lakini ya baba ndiyo inayoshika. Huo ni ufafanuzi mzuri wa andiko, na wengi wetu tuliosoma Kigiriki hatukuufikia.

Mambo manne yafuatayo yamo katika maneno ya Marko, na mara nyingi hayamo katika mahubiri yetu.

Kwanza, Yesu anauliza historia ya ugonjwa. Ni Marko peke yake anayetuambia kwamba alimwuliza baba hali hii imempata mwana tangu lini, na baba akajibu kwamba ni tangu utoto. Kabla ya kukemea cho chote, Bwana anasikiliza. Hamwulizi baba ametenda dhambi gani, wala hatafuti ni nani katika ukoo aliyevunja mwiko. Swali la namna hiyo wanafunzi waliwahi kuliuliza juu ya mtu aliyezaliwa kipofu, katika Yohana 9, na Yesu alilikataa.

Pili, lawama juu ya kizazi kisichoamini inatolewa mara tu baada ya baba kueleza kwamba wanafunzi wameshindwa. Watu hawa walikuwa wamekwisha kupewa mamlaka juu ya pepo wachafu katika Marko 6:7, na katika 6:13 wametumia mamlaka hayo. Baadaye, nyumbani, ni wao wanaouliza kwa nini hawakuweza, na wanajibiwa habari ya kuomba. Kwa maneno mengine, upungufu unaochunguzwa ni upungufu wa watumishi. Mathayo 17:20 inasema hivyo waziwazi: uhaba wa imani ni wao.

Tatu, Yesu anapoona umati unakusanyika mbio, anatenda mara moja. Mteswaji hafanywi tamasha. Ye yote aliyewahi kuona mtoto akianguka mstarini shuleni anajua jinsi mbio hizo zilivyo, na jinsi mduara wa watazamaji unavyofungwa.

Nne, mtoto alipolala kama mfu, wengi walisema amekufa. Sikio la Mswahili husikia kufa ndani ya neno kifafa, na pengine ndiyo sababu hofu yetu ni kubwa. Lakini Yesu alimshika mkono, akamwinua, naye akasimama. Vitenzi viwili vya Kigiriki vilivyotumika hapa, *egeiro* na *anistemi*, ndivyo Agano Jipya linavyovitumia kwa habari ya ufufuo. Marko anaweka mguso wa mkono pale ambapo umati umekwisha kutoa hukumu ya kifo. Luka anaongeza kwamba alimrudisha kwa baba yake: mtoto hakutengwa, alirudishwa nyumbani.

3. Mahubiri matatu tuliyoyazoea

Tukiyaweka mahubiri yetu mbele ya andiko hilo, tunaona aina tatu zinazojirudia.

Aina ya kwanza huifanya habari hii kuwa kitabu cha maelekezo. Yesu alimkemea pepo, basi na sisi tumkemee pepo wa kifafa. Sitaki kulikata andiko ili lipendeze masikio ya kisasa. Marko anasema juu ya pepo, na kanisa linakiri kwamba Kristo ni Bwana juu ya kila nguvu inayowaharibu watoto wa Mungu. Lakini tufuate kitenzi. Neno linalotafsiriwa kukemea, *epitimao*, limetumika pia katika Luka 4:39, ambapo Yesu anaikemea homa ya mkwewe Simoni, na katika Marko 4:39, ambapo anaukemea upepo. Hata hivyo hakuna mchungaji anayemwambia mtoto mwenye homa ya malaria kwamba ana pepo. Tunamwombea, na tunampeleka zahanati, wala hatuoni mgongano. Kwa nini basi homa iwe ugonjwa na kifafa kiwe aibu? Tofauti hiyo haimo katika Maandiko. Tumeileta wenyewe.

Aina ya pili huufanya uponyaji kuwa kipimo cha imani. Mzazi anaambiwa kwamba mtoto angepona kama nyumba ingeamini, na kwamba vidonge ni ushahidi wa mashaka. Hapa Mlutheri hana budi kusimama na kupinga kwa jina la Injili, kwa kuwa imani imegeuzwa kuwa tendo, tena tendo analodaiwa aliye dhaifu kuliko wote. Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, katika maelezo ya sehemu ya tatu ya Imani, inatufundisha kukiri kwamba hata kumwamini Kristo hatuwezi kwa akili wala nguvu zetu. Ni Roho Mtakatifu anayeita. Baba wa Marko 9 aliikiri imani yake na kutoamini kwake kwa pumzi moja, wala hakufukuzwa. Na mtoto hakudaiwa imani yo yote.

Madhara ya mahubiri haya yanaonekana kwa macho. Dawa za kifafa hutakiwa kumezwa kila siku. Zikiachwa ghafula, mgonjwa anaweza kupatwa na mfululizo wa degedege usiokoma, ambao huweza kuua. Mikesha nayo ina hatari yake, kwa sababu kukosa usingizi ni mojawapo ya mambo yanayojulikana kuchochea mianguko. Mtoto anayekesheshwa usiku kucha akiombewa, kisha akaanguka alfajiri, huhesabiwa kuwa amethibitisha pepo wake, kumbe amethibitisha uchovu wake. Wengine humfungisha kwa kutegemea Marko 9:29. Ifahamike kwamba maneno ya kufunga katika mstari huo hayamo katika nakala za kale za Sinai na Vatikano. Lakini hata mtu akiyakubali, yanaelekezwa kwa wanafunzi, si kwa mgonjwa. Anayetaka kufunga, na afunge mchungaji.

Aina ya tatu ni ya kifahari zaidi. Mhubiri huligeuza andiko kuwa fumbo: moto ni ulevi, maji ni uzinzi, na kijana ni taifa. Mwenye kifafa akiwa kanisani husikia ugonjwa wake ukitumiwa kuwa picha ya dhambi za watu wengine, kisha haongelewi tena. Na kuna ndugu yake fumbo hilo, ambaye hupatikana zaidi katika vyuo vyetu: mwanafunzi anayesema kwamba Marko hakujua udaktari, akafunga kitabu. Kauli hiyo inaweza kupata alama katika mtihani, lakini haina cho chote cha kumpa msichana wa dawati la pili. Mafumbo na dharau ya kisomi yanafanana kwa jambo moja: yote mawili yanampita mtoto njiani.

4. Nyumba iliyoitwa Bethel

Katika kuyasahihisha mahubiri hayo kanisa letu halianzi mikono mitupu, kwa maana lina historia katika jambo hili, ya fahari na ya aibu. Mwaka 1867, karibu na mji wa Bielefeld huko Ujerumani, Wakristo wa Kiinjili walifungua nyumba kwa ajili ya watu wenye kifafa. Mwaka 1872 Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh alikabidhiwa uongozi, na mahali hapo pakajulikana kwa jina la Bethel, Nyumba ya Mungu. Watu walioonekana kuwa mzigo walipewa kazi, mafundisho na ibada. Jina hilo si geni kwetu. Misheni ya Bethel, ambayo wamisionari wake waliingia Usambara mwaka 1891 na Buhaya mwaka 1910, iliunganishwa na nyumba hiyohiyo. Washarika wengi wa kaskazini mashariki na kaskazini magharibi mwa nchi yetu wamezaliwa kiroho kutokana na kazi iliyokuwa na makao kati ya watu wanaoanguka. Inakuwaje basi katika sharika zetu mtu huyohuyo akose nafasi kwenye benchi?

Lakini historia hiyo ina sura nyingine. Tarehe 14 Julai 1933 serikali ya Hitler ilitoa sheria ya kuwahasi watu waliohesabiwa kuwa na magonjwa ya kurithi, na kifafa kilitajwa katika orodha yake. Bethel yenyewe ilishiriki kuitekeleza. Yalipokuja mauaji ya wagonjwa katika miaka ya vita, Fritz von Bodelschwingh, mwana wa yule wa kwanza, alipinga kuwakabidhi watu wake, na upinzani wake uliwaokoa wengi. Lakini mahali pengine watu wenye kifafa walikuwa miongoni mwa waliouawa. Funzo lake ni zito. Unyanyapaa huanza na jina la utani, hupita katika orodha, na huweza kufika kaburini. Aliyezoea kumwona mwenzake kama aina fulani ya kiumbe darasani, hatashangaa atakapomwona amefutwa katika daftari.

5. Mahenge, na darasa la tano

Turudi nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, kusini mwa Morogoro. Aliwakuta watu waliokuwa na makovu makubwa ya moto. Walikuwa wameangukia jikoni, na waliokuwa karibu waliogopa kuwagusa, kwa kuwa iliaminika kwamba povu na mate huambukiza. Alipowapa dawa, fenobabitoni, ambayo imekuwa ikitumika tangu mwaka 1912, wengi walipata nafuu. Uchunguzi wa miaka ya karibuni katika eneo hilohilo umeonyesha uhusiano kati ya kifafa cha watoto na ugonjwa wa usubi, unaoenezwa na visubi wa kando ya mito iendayo kasi. Baba wa Marko alisema kwamba mwanawe huanguka motoni na majini. Mtu wa Mahenge hakuhitaji mfafanuzi wa mstari huo.

Kile ambacho watoto wanapaswa kufundishwa si kirefu. Kifafa ni hitilafu ya muda katika umeme wa ubongo. Huweza kuletwa na ajali ya kichwa, shida wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, au mabuu ya tegu wa nguruwe yaliyoingia ubongoni. Mara nyingi chanzo hakionekani. Hakiambukizi kwa mate, wala kwa kikombe, wala kwa kuguswa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 wanaishi nacho, na kwamba hadi asilimia 70 kati yao wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangegunduliwa na kutibiwa ipasavyo. Katika nchi maskini, watu watatu kati ya wanne hawapati tiba wanayohitaji. Mwaka 2022 mataifa wanachama wa shirika hilo yalipitisha mpango wa utekelezaji hadi mwaka 2031, na kupunguza unyanyapaa ni sehemu yake. Mpango huo hautafika darasani wenyewe. Hupelekwa na mtu mwenye kipindi.

Watoto wafundishwe pia kutenda. Mwenzao akianguka, waondoe vitu vya hatari karibu naye, waweke kitu laini chini ya kichwa, walegeze kola, wamlaze ubavu. Wasimtie kijiko wala kidole kinywani, wasimkandamize. Mmoja amwite mwalimu. Wengine wasogee nyuma. Ikipita dakika 5, au akianguka tena kabla ya kupata fahamu, apelekwe hospitali. Na atakapozinduka, amkute rafiki kando yake, si mduara wa macho.

Walimu nao wanalo la kujifunza. Kuna aina ya kifafa isiyoangusha: mtoto huzubaa kwa sekunde chache, macho wazi, kisha huendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Mara ngapi mtoto wa namna hiyo amechapwa kwa kosa la kutosikiliza!

Mambo haya yana mahali pake katika Katekisimo, wala hayahitaji kuongezwa kama kiraka. Maelezo ya Amri ya Tano yanatutaka tumsaidie jirani katika mahitaji ya mwili wake, si kujizuia kumdhuru tu. Maelezo ya Amri ya Nane yanatutaka tumtetee na kumnenea mema. Mwanafunzi wa kipaimara anayezikariri amri hizo aulizwe: umefanya nini mwenzako alipoanguka mstarini? Na alipopewa jina, ulinyamaza?

Hitimisho

Kosa kubwa la fundisho langu la siku ile lilikuwa kuishia mstari wa 29. Marko haishii hapo. Katika 9:33 wanafunzi wamefika Kapernaumu, nao njiani walikuwa wakibishana ni nani aliye mkubwa. Yesu anaketi, anamtwaa mtoto, anamweka katikati yao, anamkumbatia, anasema kwamba ampokeaye mtoto mmoja kama huyu kwa jina lake ampokea yeye. Katika Kigiriki mtoto huyo anaitwa *paidion*. Na neno hilohilo ndilo Marko alilolitumia katika 9:24 kwa mwana wa yule baba. Katika Kiswahili uhusiano huu hutuponyoka kwa urahisi, kwa kuwa tumezoea kumwita wa kwanza kijana na wa pili kitoto. Lakini aliyesikiliza sura hii ikisomwa kwa Kigiriki alisikia watoto wawili wakipita mbele yake kwa jina moja. Wa kwanza alizungukwa na umati uliomtazama. Wa pili alizungukwa na mikono ya Bwana. Kisha, katika 9:42, linafuata onyo la jiwe la kusagia juu ya ye yote atakayemkosesha mmoja wa wadogo hawa.

Kwa hiyo napendekeza kwa watumishi wenzangu, na kwa wanafunzi watakaorudi sharikani na kupewa vipindi shuleni, mambo matatu. Habari hii isifundishwe kwa watoto bila kufika mstari wa 37. Mwalimu asiigize mwanguko. Aigize mkono ulioinua. Na kabla ya kuingia darasani amwulize mwalimu mkuu kama yupo mtoto anayeanguka, ili azungumze kwanza na mtoto huyo na wazazi wake, na kama wanaridhia, aombe mhudumu wa zahanati afundishe naye.

Mwaka uliofuata nilirudi katika darasa lilelile, ambalo sasa lilikuwa la sita, nikasoma sura nzima. Niliwaambia kwamba mwaka uliopita nilikuwa nimekosea, na kwamba jina walilompa mwenzao lilikuwa kosa langu kabla ya kuwa lao. Mvulana yule aliyeuliza swali aliinamisha kichwa. Walijifunza vizuri namna ya kumlaza mtu ubavu. Walifanyiana zoezi sakafuni, wakibadilishana zamu. Dawati la pili lilikuwa na mtoto mwingine.